Mashine Aliyoichagua Alain

Winnipeg, 26 Agosti 2012

Mdogo wangu Ineza,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha umsalimie Mama kwa mikono miwili, maana najua barua hii ataishika yeye kabla hujaifungua. Mimi ni mzima. Joto la huku linakwisha, lakini mbu wamebaki, na ni wakubwa kuliko wale wa kambini Kigoma. Usicheke, ni kweli. Kazi ya kuosha vyombo nimeiacha. Sasa niko kwenye ghala la matairi, nabeba na kupanga. Jioni mgongo unauma lakini nalala vizuri.

Karatasi ya kwanza msomee Mama. Hii ya pili ni yako peke yako.

Unakumbuka nilikueleza habari za Anaclet, yule Mrundi mwenye nyumba hii. Mimi nakaa chumba cha chini. Yeye ni dereva wa malori ya mbali, anaweza kukaa njiani wiki mbili. Nilipofika Januari, theluji ilikuwa imejaa kwenye njia ya kuingizia gari mpaka kiunoni. Tuliitoa kwa sepetu, na Anaclet akaumia. Sasa amesema atanunua mashine ya kurusha theluji. Unaisukuma kama mkokoteni, mbele inameza theluji, na juu iko na bomba linaloitema pembeni. Lakini akaniambia, "Alain, mimi sitakuwepo. Wewe ndiye utakayeisukuma, basi chagua wewe."

Eish. Dukani zimepangwa safu nzima, nyekundu, njano, chungwa. Muuzaji anaongea haraka kama anakimbizwa. Mimi naitikia yes, yes, kisha natoka mikono mitupu. Wewe ulikuwa unasoma mpaka maandishi ya nyuma ya boksi la dawa ya meno. Nenda maktaba unichagulie.

Jambo moja tu: usimwambie Mama kwamba nimekuomba. Nimemwandikia kwamba nachagua mwenyewe. Unajua anavyofurahi.

Kaka yako,
Alain

—

Overport, Durban, 22 Septemba 2012

Kwa Kaka Alain,

Barua yako tumeipokea kanisani Jumapili iliyopita, na Mama aliishika kwanza, kama ulivyosema. Aliiweka ndani ya Biblia mpaka ibada ikaisha. Sisi ni wazima. Tumbili wameingia tena jikoni, safari hii wamechukua mkate mzima, wakaketi juu ya ukuta wakila huku wanatutazama. Mama Immaculée wa kanisani anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Mama anashona palepale kwenye korido ya maduka karibu na robot, zile taa za barabarani, na jioni anarudi na cherehani yake kwenye kitoroli. Macho ndiyo yanamsumbua. Siku hizi hawezi kabisa kutia uzi kwenye sindano, lazima niitwe mimi. Hata barua hii nimeiacha mara mbili kwenda kumtilia uzi.

Nilimsomea karatasi yako. Nilipofika kwenye mashine, alisimamisha cherehani. Hajawahi kuisimamisha kwa kitu kinachonihusu mimi. Akasema, "Umesikia? Mtu ana nyumba yake mwenyewe, anamwachia Alain achague." Muhula huu nimekuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Nilipomwambia, alisema vizuri sana, niletee uzi mweusi.

Sisemi kwa ubaya, nakupa habari tu.

Nilikwenda maktaba ya mjini. Mkutubi alikuja nyuma yangu, akatazama kompyuta, akauliza Durban nataka theluji ya nini. Nilisema ni mradi wa shule. Masikio yaliniwaka mpaka nilipofika nyumbani.

Nilichoelewa ni hiki. Kuna mashine ndogo ambayo meno yake yanagusa ardhi na kurusha theluji papo hapo. Ni nyepesi, na inafaa njia fupi yenye saruji. Kuna kubwa ambayo meno yanakusanya, kisha feni ya ndani ndiyo inayorusha. Hiyo ina magurudumu yanayojiendesha. Kwa hiyo siwezi kuchagua bila kujua njia yenu ikoje. Ni saruji au kokoto? Ni pana kiasi gani? Greda la mji likipita barabarani, je, linaacha tuta la barafu mlangoni penu? Watu wengi wanalalamika kuhusu tuta hilo kuliko theluji yenyewe.

Na kuna kitu kingine nataka kukiuliza, kwa kuwa tunaulizana. Kundi la kanisa la huko lilipoandika kwamba linaweza kumpokea mtu mmoja wa nyumba yetu, ama kijana wa kufanya kazi ama mtoto wa shule wa kulelewa na familia, Mama alitaja jina lako kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Hakugeuka hata kunitazama. Wewe unaitikia yes, yes dukani, na mimi nasoma habari za theluji kwenye mji ambao watu wanavaa makoti ya sufu kwa ubaridi mdogo wa Julai. Hujawahi kuona kwamba jambo hili linachekesha?

Mdogo wako,
Ineza

—

Winnipeg, 14 Oktoba 2012

Profesa Ineza,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Theluji ya kwanza imeshuka juzi, kidogo tu, kama unga uliomwagika, na mchana ikaondoka. Mwambie Mama Immaculée mchumba hakuna, wasichana wa hapa wanaongea na simu zao tu. Mwambie Mama koti alilonishonea nalivaa ndani ya koti la huku, kwa hiyo linanisaidia.

Nimepima njia kwa miguu yangu. Magari mawili yanakaa sambamba. Kutoka barabarani mpaka mlango wa banda ni kama kutoka kwenye ngazi zetu mpaka duka la Wahindi. Chini ni kokoto, saruji hakuna. Greda linapita, ndiyo, na linaacha ukuta kabisa, vipande vigumu kama matofali. Muuzaji anasema nichukue ile ndogo nyekundu kwa sababu mimi ni mwembamba. Nilimwambia ninaye mshauri wangu.

Hilo la Mama kutaja jina langu tuliache. Kuna kitu cha siku ile ambacho wewe hukijui, na leo sitakiandika. Mkono umechoka na ghala linafungua saa kumi na moja alfajiri.

Sharp, kama mnavyoagana huko, mdogo wangu. Nasubiri.

Alain

—

Overport, Durban, 3 Novemba 2012

Kwa Kaka Alain,

Tunakusalimu. Mama ana mafua kidogo lakini hataki kulala. Mitihani yangu inaanza Jumatatu. Joto limerudi, tunalala madirisha wazi, na mvua ikinyesha tunaamka kufunga.

Usichukue nyekundu. Meno yake yanagusa chini, na chini kwenu ni kokoto. Utakuwa unawapiga majirani mawe kupitia bomba. Chukua kubwa, yenye feni ya ndani, upana wa inchi ishirini na nne. Pana zaidi ya hapo itakuwa nzito kwako kuigeuza, na nyembamba haitamaliza njia ya magari mawili kabla hujaenda kazini. Pembeni zina viatu vya chuma ambavyo unaweza kuvipandisha au kuvishusha. Vishushe, ili mdomo wa mashine upite juu ya kokoto bila kuyagusa. Meno yawe ya chuma kitupu, yasiwe na mpira, kwa ajili ya ule ukuta wa greda. Na hakikisha inawaka kwa umeme pia, siyo kwa kuvuta kamba tu, maana wanasema kwenye baridi kali kamba inamchosha mtu kabla hajaanza kazi. Bomba likiziba zima kwanza, kisha tumia kijiti. Usitie mkono hata kama imezimwa. Nimesoma habari za watu waliotia mkono na sitakuandikia walichoandika.

Mama ana neno lake, nami naliandika kama alivyolisema. Anasema usisahau desturi ya nyumba yetu. Chombo kipya hakianzi kwa kumfanyia kazi mwenyewe, kinaanza kwa mtu mzima. Jembe la kwanza la Baba lililima kwa Bibi. Cherehani yake hii ilianza na sketi ya yule mama mzee wa Chatsworth aliyetupokea tulipofika. "Mwambie atafute mzee jirani, amtolee theluji yake kwanza, asichukue chochote. Na asile kwake siku hiyo." Unajua kwa nini. Ukimfanyia mzee kazi ya kwanza kisha ukala mkononi mwake, umekuwa mtoto wake.

Umepima njia nzima kwa miguu yako, lakini mkono ulichoka kwa mstari mmoja. Sawa. Mama ananiita, uzi umekatika.

Ineza

—

Winnipeg, 9 Desemba 2012

Mdogo wangu,

Krismasi njema kwenu mapema, maana posta ni ya polepole. Picha iliyomo mpe Mama. Huyo ni mimi na mashine, na nyuma kile cheupe ni ile njia uliyoichagulia viatu vya chuma.

Ineza, mashine ni ya chungwa, inchi ishirini na nne, kila kitu kama ulivyosema. Muuzaji alipoanza maneno yake nilimuuliza kuhusu viatu vya chuma na meno yasiyo na mpira, akamwita mkubwa wake. Nilijiona mtu. Anaclet naye aliikagua akasema, "Kumbe una macho." Nikaitikia tu.

Jirani yetu ni bibi mjane, Bibi Constance, wa wale Wafaransa wa zamani wa mji huu. Kifaransa chake ni cha ajabu lakini tunaelewana. Theluji kubwa iliposhuka nilikwenda kwake kwanza, kama Mama alivyoagiza. Mashine ilikula ule ukuta wa greda kama mbuzi anavyokula majani. Hakuna jiwe hata moja lililoruka. Alitoka na pochi, nikakataa. Akarudi na sahani ya supu ya njegere, mlangoni, mvuke unapanda, na mimi vidole sivisikii. Akasimama hapo katika baridi ile na nguo ya nyumbani. Ningefanya nini? Nikaila. Imekuwa kila theluji sasa, natoa theluji yake, nakula supu.

Msomee Mama habari ya supu kwa upole.

Alain

—

Overport, Durban, 19 Januari 2013

Kwa Kaka Alain,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Tumefungua shule. Niko Grade 11, na wamenipa kazi ya kusaidia maktaba ya shule wakati wa mapumziko, jambo ambalo linanifaa kwa sababu hakuna anayeongea humo.

Habari ya supu nilimsomea kwa upole wote nilio nao. Mama aliuliza, "Amekula?" Nikasema ndiyo. "Siku ileile?" Nikasema ndiyo. Akakunja kitambaa alichokuwa anakishona, akasema, "Basi amepata mama mwenye nyumba kubwa." Kutoka siku hiyo anauliza maswali. Huyo bibi ana watoto? Anajua kupika nini kingine? Kwenye supu aliweka nyama? Jumapili amepika maharage na ndizi, kile chakula chako, akakitazama, akasema huko Wazungu hawajui kuunga. Nilikuwa nakila mimi hapo mbele yake, Kaka. Ni mimi niliyekuwa nakila.

Picha yako iko ukutani. Tuna fremu moja, unaijua. Ilikuwa na cheti changu cha Kiingereza, nilichokiweka mwenyewe. Sasa cheti kiko nyuma ya picha yako, ndani ya fremu ileile. Mama Immaculée alipokuja alianza kumsifu binti yake anayefanya kazi hospitali ya Bluff, na Mama akamwonyesha ukuta, akamweleza viatu vya chuma, na meno yasiyo na mpira, na kwamba Alain aliyajua yote hayo peke yake katika nchi ya wageni. Maneno yangu, moja baada ya jingine, na mimi nimesimama nimeshika sinia la chai. Mama Immaculée akasema, "Mwenye akili ni huyo aliyekwenda." Akaniambia niongeze sukari.

Niliongeza. Uliniomba nisiseme.

Lakini nimechoka kuwa mtu wa uzi. Wewe ni wa mashine, wewe ni wa picha, una Mama hapa na sasa una mwingine huko wa supu. Mimi naitwa uzi ukikatika. Usiniombe tena kukuchagulia kitu.

Ineza

—

Winnipeg, 17 Februari 2013

Ineza mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Baridi imeshuka mpaka mashine yenyewe inakohoa. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi bila kujibu, na sababu siyo ghala.

Karatasi ya kwanza nimemwandikia Mama kwamba mashine uliichagua wewe, kila kitu, toka kokoto mpaka kijiti. Msomee bila kuruka mstari. Nakujua unavyoruka.

Sasa kile cha siku ile. Mama alipotaja jina langu, wewe ulibaki na birika, mimi nikamfuata kwenye ngazi. Nilikuwa na furaha, lakini niliona aibu, kwa sababu kila mtu anajua nani mwenye kichwa nyumbani kwetu. Nikamuuliza, Mama, kwa nini si Ineza? Akasema, "Wewe nikikukosa nitalia, halafu nitazoea. Yule sitazoea."

Hivyo tu. Akashuka kununua mkaa.

Nimekuja na neno hilo ndani ya ndege. Unafikiri mtu anasikia nini akiambiwa na mama yake kwamba yeye atazoeleka? Ndiyo maana namwandikia kila jambo kubwa ninaloachiwa. Ndiyo maana nilitaka mashine iwe yangu. Na ile supu, Ineza, nilijua desturi. Niliila kwa kujua.

Wewe unanionea wivu kwa ajili ya picha. Mimi niko huku nakuonea wivu kwa ajili ya maharage.

Alain

—

Overport, Durban, 23 Machi 2013

Kwa Kaka yangu Alain,

Salamu kutoka kwa Mama na kutoka kwangu. Joto limepungua. Tumbili sasa wanaogopa, Mama amewawekea nyoka wa mpira dirishani, ila na mimi ananishtua kila asubuhi.

Nilimsomea karatasi yote, sikuruka. Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilijua. Alain hawezi kusoma hata maelekezo ya panadol." Nikamuuliza kama alijua, kwa nini alimwambia Mama Immaculée vile. Akasema, "Mtoto aliye mbali anahitaji kusifiwa. Aliye hapa ninaye." Kisha akauliza kama Bibi Constance ana koti zuri, kwa sababu amepata kitambaa kizito cha bei ya chini. Nadhani amekusamehe. Tuma vipimo vya mabega yake.

Kuhusu neno la kwenye ngazi, nitakuambia ukweli. Niliposoma barua yako mara ya kwanza sikufurahi. Nilifikiri, hatazoea kwa sababu ya sindano. Nani atamtilia uzi nikiondoka? Nani atamsomea barua za serikali? Nilijiona kama miwani, kitu ambacho mtu hataki kukipoteza. Nilikaa na wazo hilo juma zima, na kila alipoita nilikwenda nikiwa nimenuna.

Jumatano shule ilitutoa mapema. Nilipanda ngazi na viatu vyangu vya raba, mlango ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya upepo. Mama alikuwa peke yake kwenye cherehani, amenipa mgongo kwa upande. Uzi ukakatika. Nikasubiri aseme neno lake la macho. Hakusema. Akalamba ncha ya uzi, akainama, akaupitisha kwenye tundu mara moja, bila miwani, bila kutafuta taa, akaendelea kushona huku anaimba.

Nilirudi chini ngazi kadhaa. Nikapanda tena kwa kishindo, nikagonga begi kwenye ukuta. Nilipoingia, sindano haikuwa na uzi. Ulikuwa unaning'inia kwenye vidole vyake. Akageuka akasema, "Afadhali umekuja. Njoo unitilie uzi, haya macho yangu haya."

Nikavuta kigoda, nikaketi karibu yake mpaka mabega yakagusana. Nikaanza kutafuta tundu la sindano, nikalikosa, nikalikosa tena, na yeye hakunihimiza.

Kabla theluji haijaisha huko, maliza petroli yote ndani ya mashine, usiiache ikalala na mafuta. Kijiti cha bomba kifunge kwenye mpini kisipotee.

Mdogo wako,
Ineza